Mbele Zamu, Nyuma Sababu

Wasomaji, toleo lililopita niliwaacha pale getini. Nimevaa kizibao cha njano, kibendera mkononi, watoto wa darasa la kwanza wamesimama ukingoni mwa barabara wakinisubiri niwavushe. Na fundi viatu yuko ng'ambo ya pili na karatasi yangu, anaisoma kwa sauti.

Kuna msomaji ameandika kwa mhariri kwamba sistahili kuonewa huruma. Namwambia asome ya leo kwanza, kisha aandike tena akitaka. Sitambishia.

Kwa aliyekosa gazeti, kwa kifupi ni hivi. Mimi ni mshonaji, nashonea nyumbani, sebuleni, na ni mwenyekiti wa wazazi wa kujitolea katika shule anayosoma binti yangu. Tuko thelathini na nne. Tunavusha watoto asubuhi, tunabandika vitabu vilivyochanika maktabani, tunagawa chakula cha mchana. Kabla yangu kamati ilikuwa shaghalabaghala. Leo wanakuja watu kumi getini, kesho haji hata mmoja. Mimi nikaleta mpango.

Mpango wenyewe ni karatasi moja. Mbele kuna majina, namba na zamu. Nyuma, kwa namba zilezile, kuna sababu: kwa nini huyu asipangwe Jumatatu, kwa nini yule asikae na fulani. Huwezi kupanga watu bila kujua yanayowasibu, na mimi nilikuwa najua. Watu huniambia mambo nikiwapima nguo. Mtu aliyesimama mikono juu, pini mabegani, hawezi kukimbia maswali.

Upande wa mbele ulikuwa wa wote. Upande wa nyuma ulikuwa wa watu watatu tu. Mimi, makamu wangu ambaye ni muuguzi mstaafu na ana wajukuu shuleni, na wifi yangu, mdogo wa mume wangu, tunayekaa naye nyumba moja. Wifi ndiye katibu. Ana mwandiko mzuri kuliko wangu, kwa hiyo kila muhula ananakili karatasi upya kutoka daftari langu, pande zote mbili, na kumpa makamu. Makamu ndiye anayebadilisha zamu mtu akiugua, sharti ajue nani asiguswe.

Jumatatu ile, kwa haraka zangu, nilichukua nakala ya makamu kwenye faili nikampa karani wa shule atoe kopi thelathini na nne. Wifi alipojua jioni, aliacha kijiko mezani.

"Ulimpa ipi, wifi? Ile ya makamu?"

"Ndiyo. Kuna nini?"

"Hakuna," akasema. Hakumaliza chakula chake.

Karani alitoa kopi pande zote mbili. Siwezi kumlaumu. Mimi mwenyewe nilisimama mkutanoni, nikapiga meza, nikasema kuanzia leo karatasi ya shule hii itumike mbele na nyuma, na mfujaji atasomwa jina lake hadharani. Karani ni mtu mwoga. Jumanne asubuhi akasimama getini, akamgawia kila mzazi nakala yake.

Na mimi nilikuwa pembeni, namsifu kwa kuwahi.

"Namba tisa," akasoma fundi viatu. "Asipangwe Jumatatu. Bado ananuka pombe ya Jumapili."

Tisa ni yeye mwenyewe. Watu wakacheka, kisha wakaacha. Binti yake alikuwa amemshika mkono. Nilimwona akiuachia taratibu, akaenda kusimama na wenzake.

"Mwenyekiti," akaniita fundi viatu. "Hii ya Jumapili uliinusa mwenyewe, au uliletewa?"

Nilikuwa nasikiliza karatasi zinageuzwa. Mama wa mapacha aligeuza yake, akakuta nimeandika kwamba kila siku ana mgonjwa, mpange siku mbili atakuja moja. Dereva wa lori aligeuza, akakuta nimeandika mke kamkimbia, asiwekwe na wanandoa, atawaharibia siku. Nilikuwa nimemwaga mtama penye kuku wengi, na kila kuku alikuwa anaanza na punje yake.

Lakini hao hawakunitisha. Mimi nilikuwa nawaza namba kumi na saba.

Kumi na saba ni mke wa fundi vioo. Mwaka juzi alikuja nimshonee gauni la harusi ya dada yake. Nikiwa nampima kiuno akaanza kulia, akaniambia mtoto wake wa mwisho si wa mumewe. Ni wa namba ishirini na mbili, fundi bomba, naye ni mzazi mwenzetu. Akaniomba kitu kimoja tu: nisiwapange zamu moja.

Ningeweza kuandika "wasikae pamoja" nikaishia hapo. Makamu angeelewa. Mimi nikaandika hivi: "17 asikae na 22. Mtoto wa mwisho ni wa 22." Sikuwa na haja ya yale maneno ya mwisho. Niliyaongeza kwa sababu kuyajua kulinipa raha, na kuyaandika kulinipa raha zaidi.

Asubuhi ile kumi na saba hakuja. Mtoto aliletwa na fundi vioo mwenyewe. Nilimwona mgongo tu, anaondoka, karatasi imekunjwa mara mbili na kuchomekwa mfuko wa nyuma. Alikuwa hajaifungua. Nilijiambia kama nitaipata kabla hajaifungua, nyumba yao itapona.

Nikampa karani kibendera.

"Vusha watoto."

"Mimi, mama? Sijapangwa."

"Nimekupanga sasa hivi."

Nikaanza na waliokuwa pale. Nirudishieni, jamani, kuna makosa, namba zimeingiliana. Wengine walinirudishia kwa kunitupia. Fundi viatu alikunja yake vizuri, akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Hii naibandika kibandani kwangu," akasema. "Wateja wasome wakisubiri soli."

Nilipata tatu, na yangu mwenyewe ya nne, ambayo ilikuwa kwenye kizibao sijaifungua. Ningeifungulia nini? Nilidhani najua kilichomo.

Makamu akaja nyuma yangu, anahema, ameshika bunda.

"Nimekusanya ishirini na nane," akasema. "Nimemnyang'anya kila niliyemkuta njiani. Usizisome, mama. Nenda kazichome."

"Nimeyatunga mimi, niyasome ya nini?"

Akanitazama. Ni muuguzi yule, kazi yake maisha yote ilikuwa kuwatazama watu ambao majibu yao ya vipimo ameshayaona.

"Bora," akasema. "Leo ni Jumanne. Rudi maktabani kwenye zamu yako. Hizo mbili zilizobaki nitazitafuta mimi."

Nilichukia. Nilidhani ananisuta, anataka kunionyesha nani ana busara kati yetu. Nikalichukua bunda mkononi mwake, nikaondoka bila kumjibu mama wa umri ule. Namna nilivyolelewa, hilo peke yake lilitosha kuniletea balaa.

*

Duka la fundi vioo liko mtaa wa pili, kati ya mtengeneza funguo na mwuza rangi. Ukiingia unakutana na wewe mwenyewe. Vioo vya kujitazamia vimeegemezwa kuta zote, na mimi nilijiona mara sita, kizibao cha njano mara sita, jasho mara sita.

Alikuwa amesimama nyuma ya meza ndefu yenye kitambaa kizito, na kalamu ya kukatia vioo sikioni.

"Karibu, mwenyekiti. Leo si uko maktabani?"

"Nimepita mara moja, kaka. Ile karatasi ya asubuhi ina makosa. Nazikusanya zote."

"Makosa gani?"

"Ya kawaida. Wa Alhamisi kawekwa Ijumaa."

Akanyanyua kioo kikubwa cha dirisha, akakilaza mezani polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Hapo ndipo nilipoiona karatasi. Ilikuwa mezani tayari, imenyooshwa, upande wa sababu uko juu, na yeye amelaza kioo juu yake. Mwandiko wa wifi ulisomeka hadi nilipokuwa nimesimama.

"Mke wangu ni wa Alhamisi," akasema. "Na hapa ni Alhamisi. Yuko sawa."

Akaweka rula. Akapitisha kalamu juu ya kioo, mlio ule unaoingia kwenye meno, moja kwa moja hadi mwisho. Kisha akakiinua kidogo, akakibana kwa vidole viwili kila upande, kikaachana palepale alipotaka.

"Na mtoto wa mwisho," akasema, "naye yuko sawa?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa na karatasi thelathini na mbili mkononi na hazikuwa na faida yoyote.

"Kaka," nikasema, "nisamehe."

"Nimejua miaka mitano."

Nikalishika bunda kwa mikono miwili.

"Nimejua tangu kliniki walipompima mtoto damu. Mke wangu hajui kama najua. Yeye anaficha, na mimi nageuka upande mwingine nisimwone akificha. Nyumba imesimama hivyo miaka mitano, na mtoto anakua, ananiita baba, na mimi ni baba yake. Ilikuwa inawezekana, mwenyekiti. Ilikuwa inawezekana kabisa."

Alisema bila kupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Leo wanajua watu thelathini na nne," akaendelea. "Fundi viatu anajua. Kesho nikisalimiwa mtaani nitajiuliza anayenisalimia anamwona nani. Siwezi tena kujifanya sijui. Mwanamume akijua, na watu wakajua kuwa amejua, lazima afanye kitu. Na mimi sitaki kufanya kitu chochote." Akafuta vumbi la kioo kwa kiganja. "Wewe ndiye hodari wa kupanga. Nipangie."

"Nikupangie nini, kaka?"

"Nimfukuze Jumatano au Ijumaa? Mtoto nimpeleke kwa ishirini na mbili asubuhi, au baada ya chakula cha mchana? Weka na sababu kwa nyuma. Nani asikae na nani."

"Usiseme hivyo."

"Nasema kama ulivyoandika."

Nilijitazama kwenye kioo kimoja, nikahamia kingine. Hakukuwa na pa kutazama ndani ya duka lile ambapo sikuwepo. Ndipo nikaona kwenye kioo cha pembeni kwamba mlango wa stoo uko wazi na mtu amesimama.

Alikuwa mkewe. Alikuwa amevaa lile gauni nililomshonea, sasa limechakaa, la kufanyia kazi. Mkono mmoja kavaa glavu. Sijui alikuwa pale tangu lini, ila nilivyomwona usoni nilijua ni tangu "nimejua miaka mitano".

Alimwuliza mumewe, si mimi.

"Miaka mitano?"

Fundi vioo hakugeuka. Alichukua rula, akapima tena kipande alichokwisha kukipima. Mkewe alisubiri, na alipoona hajibiwi alivua glavu, akaiweka mezani, akanijia mimi.

"Nilikuomba kitu kimoja," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Nikakwambia nikilia. Ukanipangusa machozi kwa kitambaa cha bitana, unakumbuka? Kilikuwa cha bluu."

"Nakumbuka."

"Ukaenda ukaandika."

Nilitaka kumwambia niliandika ili kumlinda. Nilikuwa nimeliandaa neno hilo njiani kote, na lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Lakini alikuwa ameshainua kioo kwa ncha, kwa mazoea, akaivuta karatasi chini yake, akaanza kushuka na kidole kutoka juu. Kikapita tisa. Kikapita kumi na saba bila kusimama. Kikapita ishirini na mbili.

"Umesoma thelathini na moja?"

"Thelathini na moja ni mimi."

"Najua ni wewe. Nakuuliza kama umesoma."

Sikuwa nimesoma. Kwenye daftari langu, thelathini na moja haina kitu nyuma. Niliiacha tupu tangu siku ya kwanza. Mimi ni mwenyekiti, nina sababu gani? Wote wana vilema vyao, mimi nina kalamu. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa na daftari zima la makundu ya wenzangu.

Akanigeuzia karatasi. Mwandiko ni wa wifi, zile herufi zake zilizolala upande mmoja, zimenyooka kama mishono ya mashine.

"31. Mwenyekiti. Kila Jumanne getini, kisha maktabani. Asibadilishwe kwa lolote. Asifike nyumbani kabla ya saa nne. Sababu mnaijua."

Nikaisoma mara mbili.

"Mnaijua nani na nani?" nikauliza.

"Mimi tangu mwaka jana. Makamu kabla yangu. Wanaokaa mtaa wenu, sijui ni wangapi."

"Kuna nini Jumanne?"

Alikuwa ananitazama kama nilivyozoea kuwatazama wao mkutanoni, nikiwa na karatasi mkononi sijaigeuza bado. Niliutambua ule utamu. Nilikuwa naujua kuliko mtu yeyote.

"Tulikuwa tunakuonea huruma," akasema. "Ulikuwa unatusimamisha mbele za watu, unatusoma majina, na sisi tunaangaliana tunasema mwacheni, maskini, hajui. Tukawa tunakuwekea Jumanne yako isiguswe. Siku moja uliumwa, ukataka zamu ibadilishwe, makamu akakukatalia, ukamwita mkatili. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilisimama getini na homa.

"Basi huruma yenyewe imekwisha leo," akasema. Akaiweka karatasi juu ya bunda langu, akaisawazisha pembe zikalingana.

Fundi vioo akainua macho kwenye saa ya ukutani.

"Saa tatu na dakika ishirini," akasema. "Mpaka kwako si dakika kumi tu?"

*

Nilitembea. Sikukimbia, kwa sababu mtu akikimbia watu hugeuka.

Mume wangu ni mwoka mikate, kazi yake ni ya usiku. Anarudi saa moja asubuhi, anaoga, analala mpaka mchana. Binti yuko shule. Wifi yuko kazini, mapokezi, kwenye zahanati ya meno. Jumanne saa tatu na nusu nyumbani kwangu kuna mtu mmoja tu na amelala. Ndivyo ninavyojua, na mimi ndiye ninayejua kila mtu yuko wapi.

Njiani nikakumbuka kiti.

Mimi ni mtu wa mpangilio. Vifungo vyangu nimevitenga kwa ukubwa, mkasi una msumari wake, kiti cha cherehani kina alama sakafuni. Jumanne sishoni, na kwa zaidi ya mwaka, kila Jumatano nakuta kiti kimesogezwa mbele kidogo, kama aliyekikalia ana miguu mifupi kuliko yangu. Nilimwuliza binti yangu. Akasema si yeye. Nikamwuliza tena, akalia, akaapa. Nikamchapa. Sikumchapa kwa kiti, nilimchapa kwa uongo, na nikamweleza tofauti hiyo huku nikimchapa.

Wifi alikuwa amekaa palepale sebuleni, anakunja nguo. Akamwambia mtoto, "Muombe mama msamaha yaishe." Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi kazi yangu ni nguo.

Nilipokata kona ya nyumbani, jirani yetu alikuwa anaanika mashuka. Aliponiona, mkono wake ukabaki hewani na kibanio. Akatazama jua, kisha akanitazama mimi.

"Mwenyekiti," akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Leo umewahi."

Sauti ile haikuwa ya kunisalimia mimi. Ilikuwa ya kufika ndani.

Nikapita. Pazia la sebule lilikuwa limefungwa, na mimi nililiacha wazi. Nikasimama barazani, nikasikia kitu ambacho masikio yangu yanakijua kuliko sauti ya mama yangu mzazi. Cherehani yangu ilikuwa inashona. Si mtu anayejaribu. Anashona mtu anayejua, mshono mrefu, anafika kona, anageuza kitambaa, anaendelea.

Mume wangu hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano.

Nikaweka bunda la karatasi chini, penye ngazi. Nikavua kizibao, nikakikunja. Nilikuwa na funguo mfukoni, lakini mkono haukwenda mfukoni. Nikabisha mlango wa nyumba yangu kama mgeni.

Cherehani ikanyamaza. Kiti kikaburutwa. Kisha nikasikia miguu midogo inakimbia sakafuni, na sauti ya mtoto ambaye bado hajafika umri wa kuvushwa barabara.

"Baba," akauliza, "nifungue?"